Giaboksi ya Camaro yangu ilizaliwa baada ya gari

Siku niliponunua Camaro yangu ya mwaka 1969, gari la michezo la Chevrolet, tawi la General Motors, muuzaji alirudia neno moja mpaka likanichosha: orijino. Injini orijino, difu orijino, giaboksi orijino, tena ya aina ya M21. Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Gari umelitamani miaka kumi, leo liko mbele yako na pesa iko mfukoni, masikio yanachagua ya kusikia.

Kilichonitia shaka ni mguu wangu wa kushoto. Kila nikiondoka kwenye taa, hasa palipo na mwinuko, ilinibidi niiachie klachi polepole huku nikikanyaga mafuta, la sivyo gari linatetemeka kama lina homa. Nikapiga hesabu. Uwiano wa difu yangu ni 3.31, yaani shafti inazunguka mara 3.31 ili tairi lizunguke mara moja. Gia ya kwanza ya M21 ni 2.20, ukizidisha unapata karibu 7.3. Gia ya kwanza ya M20, ndugu yake, ni 2.52, hapo unapata 8.3. Namba ikiwa kubwa, gari linaondoka kwa wepesi zaidi. Kwenye karatasi tofauti ni moja tu, lakini mguu unaijua. Nikajiuliza: huyu aliyeagiza gari jipya mwaka 1969, la kwendea kazini na sokoni, alichagua M21 na difu ndefu namna hii, yenye namba ndogo, ya nini?

Kwa wasioyajua haya mambo: M20, M21 na M22 ni giaboksi za gia nne zilizotengenezwa na General Motors mjini Muncie, Indiana, kuanzia mwaka 1963 hadi 1974. Watu wanaziita Muncie tu. Nje zinafanana kama mapacha watatu. Ndani, M20 ina gia zilizoachana, M21 ina gia zilizokaribiana, na M22 ina uwiano uleule wa M21 ila meno yake hayakulazwa sana, ndiyo maana ni ngumu na ina kelele. Kelele hizo ndizo zilizoipa jina la Rock Crusher, mvunja mawe. Ukikutana na muuzaji anayesema ana M22, mwombe kwanza awashe gari mkazunguke. Akikataa, kunywa chai yake uondoke.

Basi Jumamosi moja nikaliinua gari juu ya stendi nne, nikalala chini na tochi. Kwanza nilitaka kujua kama kweli ni Muncie. Kifuniko cha ubavuni kina bolti saba, kasha ni la aluminiamu, na mkono wa rivasi umekaa nyuma, kwenye mkia wa giaboksi, mbali na ile miwili ya kifunikoni. Hapo hakuna ubishi. Saginaw, giaboksi nyingine ya General Motors, nayo ina bolti saba, lakini kasha lake ni la chuma na mikono yote mitatu iko kifunikoni. Borg-Warner T-10, giaboksi nyingine ya enzi hizo, ina bolti tisa. Nimewahi kumwona mtu akiapa kwa jina la Mungu kwamba ana Muncie, kumbe sumaku inang'ang'ania kasha kama kupe.

Kisha nikatafuta namba. Ziko upande wa abiria, pale kasha linapokutana na mkia, na zimefunikwa na miaka hamsini ya mafuta na vumbi. Hapa nina ombi moja: usitumie brashi ya chuma wala msasa. Zile herufi ziligongwa kwa mkono, nyingine hafifu, na aluminiamu ni laini. Nilitumia kiyeyusha grisi, mswaki wa zamani na kitambaa, nikarudia mara nne. Halafu nikazima taa za gereji nikamulika tochi kwa ubavu, ili kivuli kiingie kwenye michoro. Herufi zikajitokeza moja moja: P9K14A.

P ni Muncie. 9 ni mwaka 1969. 14 ni tarehe. Herufi ya mwisho, A, ndiyo iliyonishtua, kwa sababu kuanzia 1969 kiwanda kiliongeza herufi ya kutaja aina: A ni M20, B ni M21, C ni M22. Nikacheka peke yangu chini ya gari. M21 ya yule bwana imegongwa M20!

K ilinichanganya zaidi. Nikahesabu kwa vidole, A Januari, B Februari, nikafika K nikapata Novemba. Nikakaa na Novemba yangu siku mbili nzima nikitunga hadithi za jinsi ilivyowezekana. Baadaye ndipo nilipojua kuwa Muncie hawakufuata alfabeti moja kwa moja. Miezi yao inakwenda hivi: A, B, C, D, E, H, K, M, P, R, S, T. Kwa hiyo K ni Julai. Giaboksi yangu iliunganishwa tarehe 14 Julai 1969, siku mbili kabla Apollo 11 haijaruka kwenda mwezini. Nilifurahia kulijua hilo, ingawa halikunisaidia kitu.

Sasa twende kwenye gari lenyewe. Ukifungua boneti, kwenye ukuta wa nyuma wa injini, upande wa dereva, kuna kibati kidogo. Changu kinasema 04B, yaani wiki ya pili ya Aprili. Gari limeunganishwa Aprili. Giaboksi imeunganishwa Julai. Mtoto kamzaa mama.

Ningeweza kuishia hapo, maana tarehe peke yake ilitosha kuvunja kesi. Lakini nilikuwa nimeshachafuka, na kulikuwa na namba nyingine sijaisoma. Kufikia mwaka ule kiwanda kilikuwa kinagonga pia kipande cha namba ya chesi kwenye injini na kwenye giaboksi. Namba yangu ya chesi, ile unayoiona kwenye dashibodi kupitia kioo cha mbele, inaanza na 124379N. Hiyo N ni Norwood, Ohio, kiwanda kilichofungwa mwaka 1987. Giaboksi yake ya kuzaliwa ingekuwa na 19N, halafu tarakimu sita zilezile za mwisho za gari. Nikasugua, nikamulika. 19L. L ni Van Nuys, California. Ni namba ya gari jingine la Chevrolet kabisa, na kwa kipande kile huwezi hata kujua lilikuwa modeli gani.

Nikampigia shemeji yangu aje tuiteremshe giaboksi. Aluminiamu au si aluminiamu, ni pauni sabini na kitu, na mtu mmoja akijifanya shujaa ataiteremshia kifuani. Tukaiweka mezani. Shafti ya mbele ina splaini 10, yaani mifereji ya kushikana na klachi, sawa na inavyotakiwa kwa mwaka 1969, kwani zile za splaini 26 zilikuja baadaye. Lakini kwenye shafti hiyo kuna mchirizi mmoja uliochongwa kuizunguka. Mmoja. M20 ya wakati huo ina miwili, M21 ina mmoja, M22 haina hata mmoja.

"Shemeji, si ulisema A ni M20?" akaniuliza.

"Nilisema."

"Sasa huo mchirizi mmoja?"

Tukaamua kuhesabu. Unaingiza gia ya kwanza, unapiga alama ya chaki kwenye shafti ya mbele na ya nyuma, mmoja anazungusha mbele, mwingine anaangalia nyuma. Nyuma ikizunguka mara kumi, mbele inatakiwa iwe imezunguka mara 22 kwa M21 au M22, na mara 25 na kidogo kwa M20. Mara ya kwanza shemeji alipoteza hesabu kwenye 14 kwa sababu simu yake iliita. Mara ya pili tulibishana kama alama imepita au bado. Mara ya tatu tulipata 22 kamili, tukarudia, 22 tena. Nikafungua kifuniko kuangalia meno. Yamelazwa vizuri, kwa hiyo si mvunja mawe.

Kwa hiyo muuzaji hakusema uongo wote. Gia za M21 zimo, ila zimo ndani ya kasha lililozaliwa M20, lililokuwa la gari la California, na lililounganishwa wakati gari langu lilikuwa tayari barabarani na pengine limeshaanza kukwaruzwa rangi. Mtu fulani, mwaka fulani, alibadilisha shafti ya mbele pamoja na mtambo wa gia wa chini, maana meno ya hivyo viwili lazima yaoane, huwezi kubadilisha kimoja tu. Kazi yenyewe aliifanya kwa usafi. Sikukuta jino lililomeguka.

Nilimtumia muuzaji picha. Akajibu kwamba yeye alimaanisha ni giaboksi ya aina ya wakati ule. Hapa ndipo ninapogombana na hili neno orijino. Kuna giaboksi ya aina iliyostahili gari, na kuna giaboksi ileile iliyotoka nalo mlangoni pa kiwanda. Ya kwanza unainunua popote. Ya pili ipo moja tu duniani, na bei ya gari hupandishwa kwa hiyo ya pili. Alinirudishia dola 800, nadhani kwa aibu kuliko kwa haki, nami sikumkatalia.

Je, gari langu lilitoka na nini? Namba ya chesi haitaji giaboksi, kibati cha Norwood nacho hakitaji. Wenye Pontiac, magari mengine ya General Motors, wana raha, kumbukumbu za kiwanda zilihifadhiwa na wanaweza kuomba nakala. Sisi wa Chevrolet tunategemea karatasi zilizosahauliwa juu ya tangi la mafuta au ndani ya viti, au kile kibati cha dhamana, Protect-O-Plate, ambacho mnunuzi wa kwanza alipewa, na ambacho kina namba ya giaboksi. Nimeteremsha tangi. Nimekuta kiota cha panya.

M21 nimeirudisha garini na beringi mpya ya mbele, na difu nimeweka 3.73. Sasa linaondoka kwenye taa bila homa. Ile namba ya 19L nimeiandika kwenye karatasi, iko kwenye droo ya dashibodi. Akitokea mwenye gari lake huko California, giaboksi yake ipo, anakaribishwa kuichukua. Ila asije mikono mitupu, aje na nyingine ya kubadilishana.