Gesi ipo, mkaa haujaondoka

"Nyie na gesi yenu, ipo siku mtalipuka." Huyo ni shangazi yangu, Mbagala. Mtungi wa kilo 6 upo kona ya jikoni umefunikwa kitambaa cha kufuma, maharage yanatokota nje kwenye mkaa. Gesi ni ya chai ya wageni tu.

Serikali inataka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Sawa, ila hofu ya mlipuko naona ni nusu ya habari. Mkaa unauzwa kwa kopo, ukiwa na buku mbili unapika. Gesi ikiisha wanataka hela yote kwa mkupuo.

Na umeme? Shangazi anacheka: "Yuniti zitaisha ubwabwa haujaiva."