Kwa tuliorudi Bogoro: fidia ya CPI na ile tarehe moja

Mkimbizi akirudi Ituri, mashariki mwa Kongo, swali la kwanza barazani ni lile lile: pesa za CPI, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ziko wapi? Kabla ya kujibu, uliza ulichomewa wapi, na lini.

Kesi ya Germain Katanga, kiongozi wa wanamgambo wa Ituri, ilihusu shambulio moja tu, la kijiji cha Bogoro, alfajiri ya 24 Februari 2003. Nyumba iliyochomwa mwezi uliofuata haimo. Iliyochomwa kijiji cha jirani nayo haimo. Inauma, lakini majaji hawatoi fidia kwa kosa ambalo mtu hakuhukumiwa nalo. Waombaji walikuwa 341, wakapita 297. Machi 2017 kila mmoja aliamriwa dola 250 za ishara (na kweli ni ishara, kwa mtu aliyepoteza zizi zima), kisha misaada ya pamoja: makazi, masomo, miradi ya kipato, ushauri nasaha. Katanga alibebeshwa dola milioni 1. Hana kitu, kwa hiyo Mfuko wa Wahanga wa CPI ndio uliobeba mzigo.

Orodha hiyo ilishafungwa. Fidia ya kesi ya Bosco Ntaganda, kamanda wa kundi jingine la waasi, ni nyingine, ya dola milioni 31.3, na ina vijiji na tarehe zake za 2002 na 2003. Usijaze fomu yoyote kabla ya kujua kama maombi bado yanapokelewa.

Kinachoangusha wengi ni jina. Kadi ya ukimbizi inasema hivi, kadi ya mpiga kura inasema vile. Usichague moja ukaficha jingine: andika yote mawili, ueleze tofauti ilitoka wapi. Huna kitambulisho? Mahakama imewahi kupokea maelezo yaliyotiwa saini na mashahidi wawili wa kuaminika. Nyumba ya udongo haikuwa na hati, basi ieleze: vyumba vingapi, nyasi au bati, jirani wa kulia nani, nani walilala humo usiku ule. Marehemu waandike mmoja mmoja, na undugu wenu. Kwa aliyefiwa na mtu wa karibu Bogoro, majaji walichukulia kwamba ameumia moyoni, bila kudai cheti cha daktari.

Fomu ni bure. Anayedai hela ya "kusukuma faili" ni tapeli, hata kama ni shemeji. Na nakala baki nayo wewe.