Swali la Upepo

Mpwa wangu, mzaliwa wa Kuze, Mombasa, anayesoma Innsbruck, nchini Austria, alinipigia simu kuniarifu kwamba yeye na wenzake wawili wanakusudia kupanda mlima kwa miguu na kuteremka kwa ubao wa theluji mahali pasipo njia wala walinzi. Mimi theluji niijuayo ni ile ya friji, lakini nilimuuliza kama marehemu babu yake, nahodha wa jahazi, alivyowauliza vijana wanaovuka mwamba: nani wa nyumbani anajua mwendako, na jana upepo ulivuma kutoka wapi?

Swali la upepo lilimchekesha, ilhali ndilo zito. Upepo huikomba theluji upande wa joshini, utokako, na kuirundika demani, uendako, ikashikamana kuwa bamba gumu juu ya tabaka dhaifu, na uzito wa mtu mmoja watosha kulivunja tabaka hilo. Ndiyo maana wengi wanaofukiwa huwa wameyaanzisha maporomoko ya theluji wao wenyewe, au mwenzao. Hatari imo hasa katika miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na nyuzi 30 hazipiti sana mwinamo wa ngazi za nyumbani, kwa hiyo jicho lisilozoea haliogopi. Theluji ikitoa mguno chini ya miguu, au ufa ukikimbia mbele yako, hapo hapana mjadala tena, ni kurudi.

Huko hutolewa taarifa ya hatari kila siku, kwa madaraja 5. Daraja la 3 hudhaniwa kuwa la wastani kwa sababu liko katikati, na hesabu hiyo imewaponza wengi.

Kisha nikamuuliza vifaa. Kila mmoja awe na kifaa cha kutuma na kupokea ishara, kikiwa kimewashwa na kukaa mbali na simu, pamoja na sepetu na ufito mrefu wa kudungia theluji kumtafuta aliyefukiwa. Aliyefukiwa akitolewa ndani ya dakika 10 za mwanzo, aghalabu huwa hai. Nusu saa ikipita, matumaini huwa haba. Helikopta aghalabu haiwahi muda huo, hivyo waokoaji ni hao wenzake wawili, nao ni sharti wavuke mteremko mmoja mmoja, wasije wakafukiwa wote.

Jana aliniandikia, “Mjomba, tumefanya zoezi. Tulifukia kifaa kimoja ndani ya mkoba, tukakitoa baada ya dakika 14.” Nimemjibu warudie.