Siku moja maishani mwangu: kutoka gunzi hadi kalamu

Saa 12:30 asubuhi. Kazi yangu ni kutengeneza kalamu kwa magunzi ya mahindi yaliyogandishwa ndani ya rezini, yaani plastiki inayomiminwa ikiwa majimaji kisha ikawa ngumu. Kitu cha kwanza ni mizani. Magunzi ya mahindi yamekaa kwenye oveni usiku kucha kwa moto mdogo, na sasa nayapima moja moja. Uzito ukiwa umeshuka tangu kipimo kilichopita, gunzi hilo linarudi ndani; ukiwa palepale, limekauka. Sina haraka hapa. Rezini ninayotumia ni ya poliyurethani, na ikikutana na unyevu hutoa gesi ya kaboni dayoksaidi, basi inaumuka kama unga wa maandazi. Kipande cha namna hiyo hakitengenezeki tena.

Saa 2. Madirisha wazi, glavu mkononi, barakoa yenye vichujio vya mvuke usoni. Kigumishi cha rezini hii, yaani kimiminika kinachochanganywa nayo ili igande, kina isosayaneti, kemikali inayoweza kumwachia mtu pumu ya kudumu, kwa hiyo kitambaa cha kujifunga puani hakitoshi hata kidogo.

Rangi naichagua kwa kutazama gunzi lenyewe. Lina kahawia na dhahabu, na vile vishimo mahindi yalipokuwa yamekaa. Bluu iliyokolea hujaa humo na kila kishimo kikaonekana. Wapo wanaomwaga vimetameta vya kila aina, na kalamu zao huuzika, lakini mimi naona malighafi ikifunikwa hivyo, mtu angeweza kutumia rezini tupu.

Nikishachanganya nina dakika chache tu kabla haijaanza kuwa nzito. Nakoroga nikikwangua pembeni na chini, namimina taratibu kutokea kona moja ya kalibu yenye gunzi ndani, kisha kalibu inaingia kwenye mtungi wa presha, paundi 40 hadi 60 kwa inchi mraba. Wengi hudhani presha hutoa viputo. Haivitoi. Inavibana vikawa vidogo kiasi cha kutoonekana, na rezini ikigandia humo humo, vinabaki hivyo. Ndiyo maana sifungui mtungi mapema.

Saa 4. Vipande vya jana vimekomaa, navitoboa kwa keekee ili mrija wa shaba wa kalamu uingie. Hii ndiyo kazi ninayoiheshimu kuliko zote. Rezini haipitishi joto vizuri, kwa hiyo joto la keekee linabaki ndani ya tundu: plastiki inalainika, inang'ang'ania chuma, kipande kinapasuka. Naingiza kidogo, natoa, nasafisha maranda, naacha ipoe. Tena keekee haitokezi upande wa pili, maana hapo ndipo rezini hubanduka. Nakata kipande kirefu kuliko kinachotakiwa, natoboa hadi karibu na mwisho, halafu naukata ule mwisho kwa msumeno na tundu linafunguka lenyewe, safi.

Mrija wa shaba naupaka rangi ya rezini kabla ya kuugandisha ndani kwa gundi ya epoksi. Bila hivyo, kalamu ikishakuwa nyembamba, shaba itachungulia.

Chakula cha mchana, na gundi nayo ishike.

Saa 8. Kerezo, mashine inayozungusha kipande nikikichonga. Kwanza ncha za kipande nazisawazisha zikutane na mrija bila mwanya, kisha kinapanda kwenye mhimili kati ya bushi mbili, pete za chuma zinazonionyesha unene wa mwisho. Dakika za mwanzo sauti ni ya kugonga, kwa kuwa kona nne bado zipo. Zikiisha, sauti inatulia, na patasi ikiwa kali rezini hutoka kwa utepe mrefu usiokatika. Ikianza kutoka vumbi au chembechembe, nasimama nikanoe.

Gunzi lina tabia yake: mzunguko wa nje ni mgumu, moyo wake laini kama sifongo iliyokauka mahali rezini haikufika. Nikiliona doa laini nalidondoshea gundi nyepesi ya saianoakrilati (ile inayoshika papo hapo), nasubiri igande, ndipo naendelea, nikigusa kidogo kidogo hadi kipande kilingane na bushi.

Saa 10. Msasa wa maji, kuanzia namba 400, kisha misasa ya kitambaa laini kuanzia 1500 hadi 12000; namba ikipanda, msasa ni laini zaidi. Kila namba nikiimaliza nasimamisha kerezo na kusugua kwa urefu, nafuta matope yote, nachungulia kwa taa ya pembeni. Mchirizi wa namba 400 hauondoki kwa namba 4000. Lazima urudi nyuma. Mwisho ni polishi ya plastiki.

Saa 11:30 jioni. Naunganisha kwa jeki ndogo ya mkono: ncha, mtambo wa kuzungusha, mrija wa wino, klipu. Chuma kinaingia kwa kubanwa, kwa hiyo kikienda upande rezini inapasuka. Naandika mistari kadhaa, nazungusha mara nyingi nihisi kama kuna mkwaruzo.

Kalamu ikiingia kwenye boksi, naweka na karatasi yenye maelekezo kwa mteja: ifute kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, usiiguse kwa asetoni, na usiiache kwenye dashibodi ya gari juani, kwani joto hulainisha rezini.