Nilimfuata Lawson Mobile Bay

Mimi mzaliwa wa Likoni, kivuko si kitu cha kunishangaza. Hiki cha Dauphin Island, jimboni Alabama, ni kidogo, magari yake yanahesabika, na hakuna anayekusukuma kwa bega. Wenzangu walikuja kuvua samaki. Mimi nilikuja kwa ajili ya marehemu John Lawson, baharia wa meli ya kivita Hartford.

Karibu na gati ipo Fort Gaines, ngome ya matofali, na hapo imewekwa nanga ya meli ya Hartford pamoja na mnyororo wake. Niliishika. Jua la saa sita lilikuwa limeipata sawasawa, nikarudisha mkono mbio.

Kuvuka mlango wa ghuba ya Mobile ni kama dakika 40. Ndege wawili aina ya mwari walitufuata, na kwa mbali mitambo ya gesi imesimama majini kama meza zilizosahaulika. Hapa ndipo Admeri David Farragut alipopitisha meli 18 za Kaskazini asubuhi ya tarehe 5 Agosti 1864, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Watu wa Kusini walikuwa wametega mabomu mlangoni mwa ghuba, wakaacha upenyo ubavuni mwa Fort Morgan, chini ya mizinga yao. Tecumseh, manowari ya chuma iliyotangulia, ililipukiwa na bomu ikazama kwa dakika chache na watu zaidi ya 90. Farragut, aliyekuwa amepanda juu kwenye kamba za mlingoti wa Hartford, akaamuru meli ipite hapo hapo kwenye mabomu. Habari hiyo kila mtu anaisimulia.

Lawson hakuyaona hayo. Alikuwa sitaha ya chini, baharia mweusi wa Philadelphia, miaka 27, cheo cha wasiojua bahari. Kazi yake kapi: watu sita wakivuta makombora kutoka ghalani kuyapeleka kwenye mizinga. Kombora la adui likaingia katikati yao. Wote sita ama walikufa ama walijeruhiwa. Yeye lilimrusha akajibamiza ubavuni mwa meli, mguu ukaumia. Alipozinduka aliambiwa aende kwa daktari. Akakataa, akairudia kamba, hakuiacha mpaka mapigano yakaisha. Tarehe 31 Desemba mwaka huo huo akatunukiwa Nishani ya Heshima, nishani kuu ya kijeshi ya Marekani.

Kwetu kapi tunalijua kutoka kwenye majahazi. Watu sita mkivuta kwa pamoja, mzigo unapanda kama mchezo. Mmoja akiachia, nyote mnalia viganja. Sasa yeye, na mguu ule, alivuta na nani? Swali hilo lilinikaa njia nzima.

Tulipokaribia Fort Morgan nilitazama maji. Tecumseh bado imelala humo, kifudifudi, karibu kabisa na ufuko. Maji yenyewe ya kahawia, huoni kitu.

Kijana wa kivuko akarusha kamba gatini, ikakosa nguzo. Akaivuta, imelowa chapachapa, akairusha tena.