Nati za propela zilizokuwa zikilegea

Fundi alipotoka chini ya gari kwa mara ya tatu na kuniambia, "Mama Miche, nati za propela zimelegea tena, nimezikaza," nilijua bado hatujagusa ugonjwa wenyewe. Propela ni ile shafti ndefu chini ya gari inayopeleka nguvu kwenye ekseli, na nati zake hazijilegezi bure. Kuna kitu kinazitikisa mpaka zinachoka.

Gari ni Landrova Defender 110 ya mwaka 1995, injini ya 300Tdi, niliyoachiwa na baba. Naitumia kupeleka miche ya parachichi kutoka kitaluni kwangu Njombe hadi kwa wateja wa Makambako na vijiji vya njiani. Miche ndiyo iliyonionyesha tatizo kabla sijalisikia mwenyewe. Nilikuwa nikifika na kukuta udongo umemwagika kutoka kwenye viriba, mizizi ya juu iko wazi, na hiyo ni barabara ya lami! Nikaanza kusikiliza. Kuanzia kilomita 70 kwa saa kulikuwa na mvumo uliopanda kwenye kiti na kwenye mkono wa gia, lakini usukani ulikuwa umetulia. Nikiachia mafuta kwenye mteremko, mvumo ulizidi. Nikitoa gia na kuacha gari liserereke kwenye sehemu tambarare, injini ikiwa chini kabisa, mvumo haukupungua. Hapo injini niliiondoa kwenye orodha ya washukiwa.

Watu wengi waliniambia ni tairi. Nikaenda kufanya balansi magurudumu yote manne, hela ikaenda, mvumo ukabaki vilevile. Laiti ningepiga hesabu kwanza. Tairi zangu za 7.50-16 zikizunguka mara moja gari limesogea kama mita 2.5, kwa hiyo kwenye kilomita 80 kwa saa gurudumu linazunguka kama mara 9 kwa sekunde. Mtikisiko wa gurudumu ni wa polepole, karibu unaweza kuuhesabu kwa kidole. Propela je? Difu, yaani gia za kwenye ekseli zinazopokea nguvu ya propela, yangu ni 3.54: gurudumu likizunguka mara moja, propela inazunguka mara 3.54. Kwa hiyo propela inazunguka kama mara 31 katika sekunde hiyohiyo. Kilichokuwa kinanisumbua hakikuwa cha kuhesabika, kilikuwa kinavuma kama nyuki ndani ya mzinga.

Basi nikachukua rangi ya kucha, nyekundu. Nililala chini ya gari na turubai mgongoni, nikafuta nati zote nane za propela ya nyuma kwa petroli, nikachora mstari mwembamba juu ya kila moja, uanzie kwenye nati na kuishia kwenye chuma ilichokalia. Nati ikijigeuza hata kidogo, mstari unakatika. Nikaenda Makambako na kurudi, kama kilomita 120. Niliporudi, mistari minne ya upande wa transfa, yaani sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, ilikuwa mizima. Upande wa difu, miwili ilikuwa imekatika, na mmoja wao ulikuwa umeachana kwa upana wa ukucha wenyewe. Nilifurahi kama mtu aliyeokota pesa, maana sasa nilijua niangalie wapi.

Fundi akashika propela kwa mikono miwili, akaitikisa juu na chini, kushoto na kulia. "Krosi ni nzima, haina mchezo hata kidogo." Krosi ni kiungo chenye umbo la msalaba kwenye ncha ya propela, kinachoiruhusu kujikunja. Na kweli haikuwa na mchezo. Nikamwomba tuifungue hata hivyo.

Hapa naomba mwenye gari kama hili anisikilize vizuri. Handibreki ya Defender haikamati magurudumu moja kwa moja, inakamata dramu iliyo nyuma ya transfa, palepale propela ya nyuma inapofungwa. Ukiondoa propela hiyo, handibreki haina tena njia ya kufika magurudumu ya nyuma. Weka magogo kwenye tairi, mbele na nyuma, kabla hujagusa nati ya kwanza. Sisi tuliweka mawe makubwa mawili kila upande.

Propela ilipotoka, tulifunga loki ya difu ya kati ili nguvu iende mbele, nikaliendesha gari kwa propela ya mbele peke yake, taratibu nikipanda mwendo hadi kilomita 80. Kimya! Miaka miwili nilikuwa sijasikia gari hilo likiwa kimya namna ile.

Kisha tukabana propela kwenye jiliwa. Nikashika flanji ya upande wa difu, ile sahani yenye matundu ya bolti, nikaipindisha. Upande mmoja iliteleza laini kama bawaba iliyotiwa mafuta. Upande wa pili ilikwama, nikasukuma, ikaruka kwa hatua, tak, ikakwama tena. Tulipogonga vikombe vya beringi za krosi vikatoka, ndani hapakuwa na grisi, palikuwa na unga mwekundu wa kutu, na vijisindano vya beringi vilikuwa vimechimba mistari kwenye mhimili wa krosi. Ndiyo maana haikuwa na mchezo: ilikuwa imekaza. Sisi sote tumezoea kutafuta krosi iliyolegea, na hii iliyokaza inapita mbele ya macho yetu. Krosi inatakiwa ijikunje kila propela inapozunguka, kwa sababu transfa na difu haviko kwenye mstari mmoja. Ikikataa kujikunja, inaipindua flanji kwa nguvu kila mzunguko, na bolti ndizo zinazobeba adhabu.

Na bolti zenyewe! Kwenye nati zile mbili zilizojigeuza, spana ya 9/16 ilikuwa inazunguka bure. Ya milimita 13 ndiyo iliyokaa. Mtu fulani, zamani, aliweka bolti za milimita 8 na washa za springi kwenye matundu ya bolti za inchi 3/8, ambazo ni karibu milimita 9.5. Isitoshe, nyuso za flanji zilikuwa zimepakwa rangi. Nguvu ya gari haipiti kwenye mwili wa bolti, inapita kwenye nyuso mbili zilizobanwa zikashikana. Rangi ikisagika katikati, mbano unapotea, na hata ukikaza kila wiki hupati kitu.

Tulisugua nyuso kwa brashi ya waya hadi chuma kikang'aa. Krosi mpya mbili, bolti nane za 3/8 zenye nyuzi laini, nati nane mpya zenye pete ya plastiki ndani, kwa kuwa pete hiyo ikishatumika haishiki tena kama mwanzo. Tulikaza kwa spana ya kupimia, Nm 47. Kabla ya kufungua propela tulikuwa tumeweka alama kwa tindo ili irudi ilivyokuwa, na nira zake mbili, zile panda zinazoshika krosi, zitazamane mstari mmoja.

Nikachora mistari mipya ya rangi ya kucha. Nimeshaenda Makambako mara sita, miche 400 kila safari, na mistari minane haijakatika hata mmoja. Krosi ya zamani fundi aliniomba. Ameifunga tena vikombe vyake na kuitundika kwa waya mlangoni mwa gereji, na kila kijana mpya anayekuja kujifunza kazi anaambiwa kwanza aipindishe kwa mkono.