Ukisahau herufi N Chicago, nauli utailipa mara mbili

Mgeni katua uwanja wa ndege wa O'Hare usiku, baridi nyuzi 15 chini ya sifuri, simu imebakiwa na chaji asilimia sita, na anwani aliyotumiwa na shemeji yake kwenye WhatsApp inasema "6400 Western". Basi. Hakuna N ya north (kaskazini), hakuna S ya south (kusini). Dereva wa teksi ya programu anabonyeza jibu la kwanza linalojitokeza, mgeni anashushwa mlangoni pa watu wasiomjua, na mwenyeji wake anamsubiri kilomita 24 kutoka hapo, barabara ileile, namba ileile. Ni mbali kuliko Posta hadi Kimara, na huku hakuna bodaboda wa kukumalizia safari.

Jamani, hili linaudhi kwa sababu linazuilika kwa herufi moja.

Kwetu mtu anaelekezwa kwa sheli, kwa duka la Mangi, kwa geti jeusi lenye mbwa. Hakuna anayemwambia mgeni wa Sinza "nenda kaskazini". Neno lenyewe kwetu ni la upepo wa kaskazi na la somo la Jiografia. Chicago, north ni sehemu ya anwani kama ilivyo namba ya nyumba, na ukiliacha umetaja barabara tu.

Sifuri ya mji iko kwenye makutano ya barabara za State na Madison. Tangu 1909 namba za nyumba zinahesabiwa kutoka hapo: Madison inatenganisha kaskazini na kusini, State inatenganisha mashariki na magharibi. Kila namba 800 ni maili moja, kwa hiyo 3200 N ni maili nne kaskazini mwa Madison. Upande wa kusini maili tatu za mwanzo zina hesabu yake: ya kwanza inafika Roosevelt, 1200, ya pili Cermak, 2200, ya tatu mtaa wa 31. Baada ya hapo 800 inarudi. Ndiyo maana 6400 N iko maili nane kutoka Madison, na 6400 S iko saba na kidogo. Kusini mitaa mingi ina namba badala ya majina, na hiyo ni neema: nyumba 6312 S iko hatua chache baada ya mtaa wa 63. Kaskazini ni majina matupu, lakini vibao vya kijani kwenye kona vina tarakimu ndogo zinazokuambia umefikia ngapi. Visome hivyo, acha kuuliza watu wenye haraka.

Kwenye barabara za kaskazini na kusini, namba shufwa ziko upande wa magharibi na witiri upande wa mashariki. Za mashariki na magharibi, shufwa ziko kaskazini.

Sasa mitego. Kuna barabara inaitwa North Avenue, na inakwenda mashariki na magharibi. Iko 1600 N, ilipata jina kwa sababu ilikuwa mpaka wa mji zamani. Kwa hiyo "1600 W North Ave" ni anwani halali kabisa: W (west, magharibi) ni upande, North ni jina. Western nayo ilikuwa mpaka, inakwenda kaskazini na kusini, na ukiona "S Western" usidhani mtu kachanganyikiwa. Tena stesheni za treni zinazoitwa Western ni tano, mbili kati yake kwenye laini ileile ya bluu. Mtu akikwambia "tukutane stesheni ya Western", mwulize rangi ya laini, na ikiwa bluu, mwulize tawi.

Kituo cha basi nacho. Northbound maana yake linaloelekea kaskazini. Sisi tuliozoea magari kushika kushoto tunasimama upande usio wake. Huku yanashika kulia, kwa hiyo basi la kwenda kaskazini unalisubiri upande wa mashariki wa barabara, upande wa ziwa. Ziwa Michigan liko mashariki siku zote. Hilo ndilo duka la Mangi la Chicago.

Ila barabara kuu usiziamini kwa dira. Barabara kuu zenye namba shufwa huhesabiwa kuwa za mashariki na magharibi nchi nzima, hata pale zinapopinda. I-94 kutoka Chicago kwenda Milwaukee inapanda kaskazini ziwa likiwa kuliani, na kibao kinasema West. Ukishuka Dan Ryan, kipande cha I-94 hiyohiyo, moja kwa moja kusini, kibao kinasema East. Mgeni anayetafuta neno North atapitwa na njia yake akiiangalia. Soma namba na jina la mji, si upande.

Upepo ndio unawachanganya hata waliosoma. Utabiri ukisema northwest wind, unatoka kaskazini-magharibi. Northbound linakwenda kaskazini. Mmoja anataja atokako, mwingine aendako. Wa pwani wanalielewa hili bila kufundishwa, maana kaskazi haivumi kwenda kaskazini. Na wazee wa pwani ambao kibla kwao ndiyo kaskazini yenyewe, waambieni mapema: hapa mswala unaelekezwa kaskazini-mashariki.

Kazini utasikia mshahara uko "north of" kiasi fulani, yaani umezidi hapo. Mambo yakienda "south", yameharibika. Lakini South Side ni nusu ya mji, si tusi. Chuo Kikuu cha Chicago kiko huko, Hyde Park, na anayekuogopesha upande mzima mwulize mara ya mwisho kufika ni lini.

Kabla ya kupanda ndege, mwambie mwenyeji akuandikie hivi: namba, herufi ya upande, jina la barabara, namba ya chumba, kisha msimbo wa posta wa tarakimu tano. Herufi ikikosewa, msimbo unaweza kuuokoa mzigo wako. Dereva wa saa nane usiku hausomi.